Unaenda kwa nani?

Katika kiswahili chetu cha Kivu neno kutembea lina maana mbili: kuenda na miguu, na tena kuenda kuona mutu kwake. Wazee hawakutenganisha mambo hayo. Njo maana mwezi wa sita, wakati kiangazi ilikuwa imeanza na njia zimekauka, tulipofika Idjwi watu kumi na wane toka Bukavu, mama mumoja aliyekuwa katika shamba ya mihogo alituuliza: « Munaenda kwa nani? » Tukajibu kwamba tunatembea tu, tuone milima na ziwa. Alicheka, lakini akatuonyesha njia.

Tulipanda kati ya migomba na kahawa, kiisha mikaratusi, kiisha kipande cha pori kilichobakia kule juu. Hapo tukakutana na wanaume wane wanashuka na kipoyi, mugonjwa amefunikwa kitenge. Walikuwa wanaenda kituo cha afya kando ya ziwa.

Desturi tunaijua wote: ukikutana na kipoyi, haupite tu. Unaweka bega, unabeba kipande cha njia mupaka wengine watokee. Sisi tukaanza mabishano. Mumoja akasema mugonjwa iko na ndugu zake. Mwengine: tulilipa kanoti, saa kumi na moja inarudi, tusipofika juu tumekuja bure. Watano wakaweka mifuko chini, wakashika miti. Tisa tukaendelea kupanda. Mimi nilikuwa kati ya wale tisa, sitaki kuficha.

Kule juu tuliona ziwa lote, na milima ya Rwanda ngambo. Ilikuwa muzuri sana. Hakuna aliyesema mengi.

Tangu siku ile ninajiuliza. Wengine wanasema kipoyi ilikuwa mapatano ya majirani: leo ninabeba wako, kesho utabeba wangu. Mutu wa muji, ambaye akigonjwa anaitiwa taksi, hakuingia mu mapatano hayo, basi hana deni. Mawazo hayo yana nguvu, lakini yanasahau njia yenyewe. Nani aliifungua? Ni miguu ya wale wanaoenda soko, wanaoenda kuzika, wanaobeba wagonjwa. Tulikubali nusu ya desturi, ile ya mugeni kuonyeshwa njia, tukakatala nusu ingine.

Watu wananiambia pia kama watano walitosha, kipoyi haibebwe na watu kumi na wane. Ni kweli. Lakini siku ile hatukuhesabu mabega, tulihesabu saa.

Magaribi tuliwakuta wale watano kando ya maji, mashati imechafuka. Walituuliza habari ya kule juu, tukaeleza kidogo. Mugonjwa alikuwa mama kijana. Walijua jina lake, na la mutoto aliyeacha nyumbani. Wiki mbili nyuma walirudia Idjwi kumuona. Mimi hawakuniita, na sikuomba kuenda nao.