Mkate chini ya mretemu

Eliya alikuwa nabii, tena ametoka kushinda mlimani Karmeli. Muda si mrefu yuko jangwani peke yake, chini ya mti wa mretemu, anamwomba Mungu amtoe roho. Isome 1 Wafalme 19 polepole. Malaika hakumkemea wala hakumwambia imani yake ni haba. Alimgusa tu na kumwambia ainuke ale, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili.

Naipenda sana hiyo mara ya pili. Anayeishi na sonona anajua kuamka mara moja hakutoshi. Kesho kitanda kinamvuta tena, hata uji haupiti. Mungu hachoki kurudi. Hurudi kwa dada anayebisha hodi na bakuli mkononi, kwa daktari, kwa kidonge cha jioni. Kumeza dawa si kumkana Kristo.

Ndugu yangu, kama leo sala haitoki, kula kidogo, kunywa maji. Na kama unawaza kufa, mwambie mtu leo hii, akusindikize hospitali.