Jumanne: Wana wa Manabii na Deni la Nyumbani

Soma 2 Wafalme 4:1–7, 38–41 na 6:1–7. Wana wa manabii waliishi na kujifunza katika mazingira gani?

Mafungu haya yanaonesha kitu kinachofanana na chuo cha bweni. Wanafunzi wanaketi mbele ya Elisha, wanakula chungu kimoja wakati wa njaa, na makao yanapokuwa madogo wanakwenda Yordani kukata boriti wenyewe. Hapo walimwona mwalimu wao akijali hata shoka la kuazima lililozama. Ni vigumu kujifunza hilo kwa barua.

Lakini sura ya 4 inaanzia kwenye mlango mwingine. Mmoja wao amekufa, naye alikuwa mcha Mungu. Ameacha mke, wana wawili na deni, na mdai amekuja kuwachukua watoto wawe watumwa. Biblia haisemi deni lilitokana na nini. Kanisa linapomwita mzee wa kanisa mwenye watoto wanne aache shamba lake na kwenda chuoni kwa miaka kadhaa, inafaa kuuliza kama Elisha alivyomwuliza mjane yule: nyumbani kuna nini?

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, seminari ya Wapresbiteri nchini Guatemala ilikutana na jambo hilo. Viongozi wa makanisa ya vijijini walikuwa watu wazima wenye kazi na familia. Hawakuweza kuhamia chuoni. Basi walimu ndio waliofunga safari. Wanafunzi walisoma nyumbani, kisha wakakutana na mwalimu kila juma katika kituo cha karibu. Mtindo huo ulifika hadi Afrika.

Elisha mwenyewe aliitwa akiwa analima, akajifunza kwa kumtumikia Eliya (1 Wafalme 19:19–21, 2 Wafalme 3:11). Timotheo naye alifundwa safarini na Paulo. Kwa hiyo anayesomea nyumbani asiachiwe vitabu peke yake. Anahitaji mchungaji mzoefu wa kumwona akihubiri, akizika, akipatanisha wagomvi, kisha amwambie ukweli. Bweni ambalo mwalimu hakai karibu na wanafunzi nalo ni malazi tu.

Jadilini: Je, kanisani kwenu yupo mtu mwenye wito wa uchungaji anayezuiwa na ada au familia? Akienda chuoni, nani atalima shamba lake? Akisomea nyumbani, nani atatembea naye?