Nauli ya Viti Viwili

Kabla ya kubebwa, hufunga kanga. Huizungusha magotini, akakaza fundo, kisha huchomoa vikanyagio viwili vya kiti mwendo chake na kuvipakata, maana kimoja kiliwahi kudondoka barabarani na fundi wa kuchomelea akamtoza pesa ya siku mbili za kazi. Ndipo huwaelekeza vijana waliojitolea wamshike wapi: kwapani na chini ya mapaja, wasimvute mikono.

Ni fundi cherehani wa Dar es Salaam, anayeishi Tabata na kushona Kariakoo. Jumatatu ya wiki hii daladala tatu zilimpita. "Dada, subiri linalokuja," alisema konda wa kwanza. Wa pili hakusema kitu; aligonga bodi, gari likaondoka. La nne lilimchukua. Kiti kilikunjwa, kikabanwa nyuma ya dereva, naye akakaa ameshikilia gurudumu njia nzima. Walipokaribia Buguruni konda alitikisa sarafu kiganjani: "Nauli ya wawili, dada. Hicho chuma nacho kimekaa." Akalipa. Abiria wa pembeni alimwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba Mungu atamlipia.

Wapo watakaouliza: mradi amefika, shida iko wapi? Si watu wamembeba? Wamembeba, na wanastahili shukrani. Lakini safari yake inategemea nani yuko kituoni saa hiyo. Mvua ikinyesha, vijana hukimbilia vibandani, naye hubaki pale pale na kanga yake. Na mwanamke mzima kushikwa mapaja na watu asiowajua, asubuhi na jioni, kila siku ya kazi, hakuwezi kuitwa usafiri kwa sababu tu wanaomshika wana moyo mzuri.

Jiji hilohilo linajua namna nyingine. Usafiri wa mabasi ya Mwendokasi ulipoanza Mei 2016, kwenye njia za kilomita zipatazo 21 zenye uti wa mgongo wa Kimara hadi Kivukoni, vituo vilijengwa vikiwa na majukwaa yaliyo sawa na sakafu ya basi. Hakuna ngazi ya kupanda mlangoni. Mtu anajisukuma mwenyewe na kuingia. Mzee mwenye goti bovu anafaidi, mama mwenye mtoto mgongoni anafaidi. Ila dereva akisimamisha basi mbali kidogo na jukwaa, pengo la upana wa kiganja linatosha kunasa yale magurudumu madogo ya mbele, na ujenzi wote ule unakuwa kazi bure kwa abiria huyo mmoja. Kusogeza basi hakuhitaji mkopo wa nje. Kunahitaji dereva aliyefundishwa na msimamizi anayetazama.

Kuna hoja nyingine, ya hesabu: watu hao wako wangapi hasa? Mbona vituoni hawaonekani? Aliyeachwa na magari matatu leo, kesho atakodi bajaji, keshokutwa pesa ya bajaji itakwisha na atabaki nyumbani. Kisha kutoonekana kwake kunageuzwa ushahidi kwamba hayupo.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni kijana wa kupigana vikumbo mlangoni mwa daladala. Kubadili magari yote kutachukua muda, sawa. Kukomesha nauli ya pili kunaweza kuanza kesho: konda anayetoza kiti mwendo kama gunia la viazi atozwe faini palepale kituoni, na mwenye gari aulizwe.

Jioni ile fundi aliifunga cherehani saa kumi na moja. Alikaa kibarazani Kariakoo hadi saa mbili usiku akisubiri magari yapungue watu, vikanyagio vikiwa mapajani, kanga ikiwa imeshafungwa.