Akani na Gunia la Chai

Somo: Yoshua 7, Warumi 13:1–7



Agizo lilikuwa wazi: nyara za Yeriko zisiguswe. Akani akachukua vazi zuri, shekeli 200 za fedha na dhahabu ya shekeli 50, akavifukia hemani. Hakumtukana Yoshua wala kubishana naye. Mbele za watu alionekana mtiifu kabisa. Lakini watu kama 3,000 walipopanda kupigana na Ai, walikimbizwa na 36 wakauawa. Hao 36 walikuwa wameiba nini? Hakuna.

Uasi wa siri hulipwa na wengine.

Sisi wa Magwagwa tunalijua hili shambani. Kiwanda kinataka majani mawili na chipukizi. Mtu anachuma majani makubwa yaliyokomaa, anayaficha katikati ya gunia, karani asione. Kilo zimeongezeka, sawa. Lakini kiwandani majani yetu yanachanganywa pamoja. Chai ikifika mnada wa Mombasa na kupata bei ya chini, bonasi inashuka kwa wote, hata kwa yule mama mjane aliyechuma vizuri.

Sasa mtu ataniuliza, "Pasta, na wakubwa je? Bonasi ikiwa kidogo tunyamaze tu?"

Hapana! Mwangalie Yoshua. Aliposhindwa alianguka kifudifudi mbele za Bwana mpaka jioni. Asubuhi akachunguza kabila kwa kabila, ukoo kwa ukoo, nyumba kwa nyumba, na kabila lake mwenyewe halikuachwa nje. Mimi nilisomea biashara, na huko tulifundishwa kwamba kila mwenye kushika pesa za watu lazima akaguliwe. Mkurugenzi wa kiwanda, chifu, hata mchungaji wako, wote wako chini ya mamlaka ya Mungu. Kwa hiyo simama mkutanoni mchana, umuulize hesabu kwa heshima. Hiyo ni haki yako. Kumlipizia kisasi kwa kuharibu gunia ni dhambi ya Akani, na anayeumia ni jirani yako.

Mpendwa, Akani alikiri baada ya kura kumwangukia. Alikuwa amechelewa. Wewe una wiki hii. Kama kuna kitu umefukia hemani, nyumbani, kazini au kanisani, kifukue mwenyewe.

Tuombe: Bwana, tupe moyo wa kutii hata pale karani haoni. Amina.