Riziki ya Nani?

Ndugu zangu Waislamu, leo msinitegemee maneno laini. Kuna video inazunguka kwenye simu zenu: lori la mafuta limelala ubavu, vijana wanalikimbilia na madumu, mmoja anachekea kamera. Mnatumiana kama kichekesho. Sisi wa Singida, ambao malori ya Rwanda na Burundi yanapita mlangoni kwetu na kuteremka Sekenke, ndio wa kucheka?

Mmeisahau Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Watu walikuwa wanajiandaa na Idi ya kuchinja. Lori la petroli likapinduka, wakajaa na ndoo, na waliokufa wakazidi 100. Miaka kumi nyuma yake, Sachangwan, Kenya, palitokea hayohayo. Sange, Kongo, mwaka 2010, walizidi 200. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, hauonekani, mpaka ukutane na sigara au pikipiki iliyowashwa. Kulijua hili kunataka shahada gani? Dumu zima la lita 20 halikununulii hata mbuzi wa maana!

Mnaniambia, "Ustadhi, ni riziki imeanguka." Riziki ya nani? Mafuta yana mwenyewe. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, Allah amekataza kula mali kwa batili, na katika aya hiyohiyo akakataza kujiua. Mwenye dumu anayavunja yote mawili kwa safari moja.

Kisha tukishazika, mnasema, "Mungu kapanga." Hapo ndipo mnaponiudhi hasa. Sayyidna Umar alikuwa njiani kwenda Shamu, akapata habari kwamba huko kuna tauni. Hakukurupuka. Akawaita Muhajirina, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, wakamshauri kwa sauti moja arudi na watu, naye akatangaza kurudi. Abu Ubayda akamuuliza: unakimbia kadari ya Allah? Umar, aliyekuwa akimpenda sana, alitamani swali hilo lingetoka kwa mwingine. Akamjibu kuwa wanaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Baadaye akaja Abdulrahman bin Auf na hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyoafiki uamuzi ule. Huyo ni Umar, na imani yake mnaijua. Wewe wa dumu imani yako imeizidi ya Umar?

Kalamu ya kuandika dhambi imeondolewa kwa watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, mwendawazimu mpaka apone. Wewe umo katika kundi lipi? Ulikuwa macho, una ndevu, na bei ya lita unaijua kwa kichwa.

Na dereva je? Amebanwa kwenye kabini, anaita mama yake, nanyi mnampita na ndoo. Mtoto wa watu! Mwenzenu anayefunga Ramadhani barabarani ili wanawe wale. Mmoja wenu ameuliza kama alipona? Hata mimi mmenitumia video, jina lake hamkunitumia.

Maimamu wa Shelui na Misigiri, lori likianguka shikeni kipaza sauti: watu wakae mbali, pikipiki zizimwe, Zimamoto wapigiwe 114. Na mwenye dumu la namna hiyo uvunguni, alipeleke polisi leo, kabla ya Alasiri. Asije akaniletea humu eti ni sadaka ya jenereta ya msikiti.