Makunyanzi, Sindano na Daktari wa Meno

Swali tunalolijibu hapa limetoka Mpuguso, karibu na mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe. Mwulizaji ni mwalimu mwanamke aliyeingia katika Islam miaka michache iliyopita, na katika ukoo wake bado yu peke yake. Dada yake mkubwa anaishi Uingereza, na huu ni mwaka wake wa kumi na nne huko. Dada huyo alikwenda kwa daktari wa meno kusafishwa meno. Akiwa bado amekaa kitini alipewa karatasi yenye bei za huduma nyingine, na miongoni mwake sindano za kulegeza makunyanzi ya uso. Daktari akamwambia kwamba ndita zilizo katikati ya nyusi zake zaweza kuondolewa kwa kazi ya dakika chache tu.

Yeye si Mwislamu, lakini amemwandikia mdogo wake kwamba ninyi Waislamu mna sheria kwa kila jambo, basi niambie dini yako yasemaje. Kisha akaongeza maneno ambayo ndiyo yaliyotufanya tulichukue swali hili kwa uzito: kwamba mwakani anatazamia kuja nyumbani, na hapendi mama amwone amezeeka.

Huenda msomaji akafikiri kwamba hili ni jambo la watu wenye fedha walio ng'ambo, na kwamba katika migomba na mashamba ya chai ya Rungwe halina nafasi. Lakini mkorogo umefika wapi? Hakuna soko la mji wowote wa Tanzania usiloujua. Zebaki na haidrokwinoni zimekatazwa katika vipodozi hapa nchini kwa miaka mingi, na hata hivyo wako dada zetu ambao nyuso zao ni nyeupe na vidole vyao vina rangi ya zamani. Mlango ni ule ule, ila sindano ni ghali zaidi. Kliniki zinazochoma sindano hizi zimekwisha kufunguliwa katika miji mikubwa ya Afrika ya Mashariki, na kinachouzwa mjini leo hupanda basi kesho.

Yafaa kwanza tujue ni kitu gani hasa kinachoingizwa usoni, kwa sababu wengi hukiita dawa bila kujua asili yake. Ni sumu iitwayo botulinamu. Jina limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji, kwa kuwa mganga wa Ujerumani, Justinus Kerner, katika miaka ya 1820 aliandika habari za watu waliokufa kwa kula soseji zilizoharibika. Mnamo mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wapiga muziki waliokwenda mazishini walikula paja la nguruwe lililokaushwa. Wengi wakaugua na watatu wakafa. Profesa Emile van Ermengem alilichunguza paja lile akakipata kijidudu kinachotoa sumu hiyo. (Msomaji Mwislamu asifanye haraka kujipongeza: kijidudu hiki hukaa pia katika udongo, na chakula cha kopo kisichotengenezwa vyema chaweza kuwa nacho hata kikiwa ni maharage.) Ni katika sumu kali kuliko zote zilizopata kujulikana. Kazi yake ni kukata habari kati ya mshipa wa fahamu na msuli: mshipa unatoa amri, msuli hausikii. Mtu akila sumu hiyo, kope zake huanguka, ulimi huwa mzito, na mwisho kifua hushindwa kuvuta pumzi.

Sasa tazama jinsi Allah Mtukufu Alivyoweka faida hata ndani ya kitu kama hicho. Huko San Francisco, Marekani, daktari wa macho aitwaye Alan Scott alitafuta njia ya kutibu makengeza bila kisu. Alichukua kiasi kidogo mno cha sumu hiyo akakiingiza katika msuli unaovuta jicho kupita kiasi, nao ukalegea. Mwaka 1980 alitangaza matokeo ya kazi yake, na mwaka 1989 serikali ya Marekani iliikubali kuwa dawa ya makengeza na ya kope zinazojifunga zenyewe hata mtu mwenye macho mazima akawa kama kipofu. Leo hutumika pia kwa watoto ambao miguu yao imekazwa na maradhi ya ubongo, na kwa wenye shingo iliyopinda. Na madaktari wa meno wanaitumia kwa watu wanaosaga meno usingizini mpaka taya zikauma, ingawa kwa kazi hiyo wataalamu bado wanajadiliana juu ya manufaa yake. Hivyo ndivyo sindano hii ilivyoingia katika chumba cha daktari wa meno: yeye anaijua misuli ya taya na uso, na mkono wake umezoea sindano.

Matumizi ya urembo yalikuja kwa njia ya pembeni. Mnamo mwaka 1987, huko Vancouver nchini Canada, mgonjwa mmoja aliyekuwa akitibiwa kope alimwambia daktari wake, Jean Carruthers, kwamba kila achomwapo ndita za paji lake hutoweka. Daktari huyo na mumewe, aliye daktari wa ngozi, wakalifuata jambo hilo. Mwaka 2002 Marekani ikaruhusu dawa yenye jina la Botox iuzwe kwa ajili ya ndita, na tangu hapo biashara haikulala. Hudumu miezi mitatu au minne. Kisha msuli huamka, na mtu hurudi tena na mkoba wake.

Kwa hiyo, mpendwa msomaji, tuna sumu moja na kazi mbili. Katika kazi ya kwanza kuna msuli mgonjwa unaofanya usiloamriwa, na sindano inautuliza. Katika kazi ya pili kuna msuli mzima, unaofanya kile Alichouumbia Mwenyezi Mungu, na sindano inaulemaza kwa makusudi. Tukiishika tofauti hii, jibu la sheria halitakuwa gumu.

Mtume Mtukufu s.a.w. hakukataza tiba. Amefundisha kwamba hakuna maradhi ambayo Mungu hakuyateremshia dawa, naye aliupenda mswaki kuliko tunavyoupenda sisi tuliourithi kwa jina. Sahaba Arfaja bin As'ad r.a. alikuwa amekatwa pua vitani kabla ya Islam. Akajitengenezea pua ya fedha, nayo ikaleta harufu mbaya, Mtume s.a.w. akamwamuru atengeneze ya dhahabu. Tafakari jambo hili. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume kuivaa kwa pambo, lakini iliporudisha uso wa mtu mahali pake Mtume s.a.w. mwenyewe ndiye aliyeiagiza. Basi mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka na ashonwe. Mwenye meno yaliyopandana hata hawezi kutafuna na ayanyooshe. Aliyeungua moto na atengenezwe ngozi. Asiwepo mtu wa kumtia hofu kwa jina la dini.

Lakini Mtume huyo huyo, kama inavyosimuliwa na Abdullah bin Mas'ud r.a. katika Bukhari na Muslim, aliwalaani wanaochanja ngozi kwa nakshi, na wanaotengeneza mianya katika meno kwa ajili ya uzuri, wakibadili umbo la Mungu. Sisi Waswahili twajua jinsi mwanya unavyosifiwa. Mwanya wa kuzaliwa ni neema ya mwenyewe, wala hakuna anayeukataza. Kinachokatazwa ni tupa kupita kati ya meno mazima. Na mapokezi ya Ibn Abbas r.a. katika Abu Daud, yanapotaja kuchanja, yanaongeza sharti kwamba laana ni pale pasipo na ugonjwa. Kwa hiyo miaka zaidi ya elfu moja na mia tatu kabla ya kiti hiki cha daktari kuundwa, mpaka ulikwisha kuwekwa, na mfano uliotumika ulikuwa ni meno. Tena Kurani Tukufu (4:120) yatueleza kwamba kuwaamrisha watu waubadili umbo la Mungu ni katika ahadi alizojiwekea Shetani.

Wako wanaosema kwamba sindano hii haidumu, kwa hiyo ni kama hina tu. Hoja hii ina nguvu kidogo, wala sitaidharau. Siku ya kutekwa Makka aliletwa mzee Abu Quhafa, baba yake Seyidna Abubakar r.a., kichwa chake cheupe pe, na Mtume s.a.w. aliagiza mvi zake zibadilishwe rangi, ila waepuke nyeusi. Basi kujipamba si dhambi, na mzee kupendeza si dhambi. Lakini hina hukaa juu ya unywele na unywele ukaendelea kuota; haiuzuii kiungo chochote kutenda kazi. Na kwa nini waepuke nyeusi? Wengi wamefahamu kuwa ni kwa sababu nyeusi inadanganya umri, na nyekundu haimdanganyi mtu. Mimi naona hapo ndipo ilipo tofauti ya pambo na uongo.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi ya bei haikulitaja. Uso haukuumbwa kwa ajili ya kutazamwa tu, uliumbwa kwa ajili ya kusema. Katika Kurani Tukufu imo sura nzima ambayo jina lake ni "Abasa", maana yake alikunja uso, na aliyekuja wakati huo alikuwa ni kipofu! Macho yake hayakuweza kuiona ndita ile, lakini mbinguni ilionekana. Upande wa pili, Mtume s.a.w. amehesabu tabasamu mbele ya ndugu yako kuwa ni sadaka, naye maskini asiye na senti anaweza kuitoa mara mia kwa siku. Na wasomaji wetu Wakristo, walio wengi huko Rungwe, watakumbuka katika Injili ya Mathayo jinsi Yesu a.s. alivyowakataza wanafunzi wake wasiukunje uso kwa huzuni ya kujionyesha wanapofunga, bali wanawe na kujipaka mafuta. Mitume wa Mungu wameujali uso kwa sababu ni mjumbe wa moyo. Sasa mtu anapolipa mamia ya pauni ili mjumbe huyo anyamazishwe, asiweze kuonyesha uchungu wala mshangao, amenunua nini? Mama akieleza habari ya msiba, paji la binti litakaa kimya kama ukuta uliopakwa chokaa. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sikutaja hatari za mwili, kwa kuwa daktari mwangalifu huzipunguza. Hata hivyo zipo: kope kuanguka kwa wiki kadhaa, maumivu ya kichwa, na dawa ikisambaa, shida ya kumeza. Mnamo Aprili 2024 wakuu wa afya wa Marekani walitangaza habari za watu 22 katika majimbo 11 waliodhurika baada ya kuchomwa sindano bandia au na watu wasiostahili. 11 kati yao walilazwa hospitalini. Uingereza yenyewe, tangu Oktoba 2021, imeharamisha kuwachoma kwa urembo walio chini ya miaka 18. Serikali haitungi sheria ya namna hiyo ila imekwisha kuona watoto wakipelekwa.

Nirudi kwa dada yetu na mama yake, maana sheria peke yake haitamtosha mtu anayeogopa.

Wanyakyusa wa zamani walikuwa na desturi waliyoiita ubusoka. Monica Wilson, aliyekaa Rungwe katika miaka ya 1930 na kutoa kitabu chake mwaka 1951, ameieleza kwa urefu. Kila baada ya miaka ipatayo 30, kizazi cha baba kilikabidhi nchi kwa kizazi cha watoto, hadharani, na wazee wakaondoka katika utawala. Yalikuwamo mambo ya kijahili ambayo hatuyataki. Lakini tazameni ujasiri wake: taifa zima linasimama na kusema kwamba wakati wetu umepita, na hakuna anayeficha uso. Kurani Tukufu (30:55) yataja safari hiyo hiyo kwa kila mtu: udhaifu, kisha nguvu, kisha tena udhaifu na mvi, na Yeye ndiye Aumbaye Apendavyo. Mtume s.a.w. alikataza kung'oa mvi, akieleza kuwa zitakuwa nuru kwa Mwislamu.

Basi mwalimu, mwandikie dada yako hivi. Mwambie kwanza asante kwa kuuliza, maana amekuheshimu. Mwulize kama taya zinamwuma asubuhi au kichwa kinamgonga kwa kusaga meno. Kama ndivyo, hayo ni maradhi, naye asikilize ushauri wa daktari bila wasiwasi. Kama ni ndita tu, mwambie kwamba Islam haikubali kiungo kizima kilemazwe, na umweleze sababu, usimtumie neno "haramu" peke yake kama mtu anayetupa jiwe. Fedha hizo na aziongeze katika nauli.

Kisha umweleze habari za mama. Mwambie jinsi uso wa mama ulivyo sasa, kwa sababu nadhani hilo ndilo analoliogopa kuliko uso wake mwenyewe. Miaka kumi na nne haikupita Uingereza tu. Mama naye pengine anajitazama katika kioo, anajiuliza kama binti atamtambua.

Na kama barua yako itamkuta amekwisha kuchomwa, usimkaripie. Dawa hiyo huisha yenyewe baada ya miezi mitatu au minne, na paji lake litarudi kusema kama zamani. Mwambie aje nyumbani vivyo hivyo.