Mapazia ya Krismasi: Mmeamua Wawili?



Majilio yakikaribia, madukani vitambaa vyekundu na vya dhahabu huanza kuning'inizwa mlangoni. Mama akipita pale Gikomba au Eastleigh macho yanavutwa. Anakumbuka mapazia ya sebuleni yaliyofifia kwa jua, anakumbuka pia kwamba jumuiya itasali nyumbani kwake kabla ya Noeli. Anaingia. Jioni baba anarudi, anakuta dirisha limevaa nguo mpya, na swali lake la kwanza halihusu rangi. Anauliza, "Mama watoto, pesa hizi zimetoka wapi?"

Msicheke. Nyumba ngapi zimeingia Krismasi zikiwa zimenuniana kwa jambo dogo kama hili! Na mara nyingi pazia halina kosa. Baba amekasirika kwa kuwa hakuulizwa. Mama naye hakuuliza kwa sababu anajua jibu litakuwa "hakuna pesa", na wiki hiyo hiyo baba amewanunulia marafiki nyama choma na hakuna aliyemwuliza. Kila mmoja ana hoja yake mkononi kama rungu.

Siku ya harusi padre aliwauliza maswali mbele ya watu, nanyi mkakubali. Wengi hudhani kukubali kule kuliisha pale altareni. La. Sakramenti ya ndoa haikai katika picha ile iliyo ukutani. Inaishi jikoni, kitandani, na katika shilingi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, uliita familia Kanisa la nyumbani. Basi sebule yenu, hata ikiwa ya futi kumi kwa kumi, ni mahali pa sala, na kuipamba si anasa wala dhambi. Napenda kusema hivi kwa sauti, maana kuna waume wanaotumia unyenyekevu wa hori la Bethlehemu kama kisingizio cha kutotoa hata senti. Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyependa ufukara kuliko sisi sote, ndiye aliyeandaa hori kule Greccio mwaka 1223 ili watu waione Noeli kwa macho yao. Macho nayo yana haki yake.

Lakini tazameni pia Yosefu na Maria walipompeleka Mtoto hekaluni. Luka anatutajia sadaka ya ndege wawili, na tukifungua kitabu cha Walawi sura ya 12 tunaona kwamba hiyo ndiyo sadaka iliyoruhusiwa kwa mama asiyeweza kupata mwanakondoo. Hawakukopa mwanakondoo ili majirani wasiwacheke. Na walikwenda pamoja.

Kwa hiyo, kaeni chini wawili kabla ya mwisho wa Novemba. Yesu mwenyewe alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Wekeni mezani mambo ya Januari kwanza: karo, sare, vitabu, kodi ya nyumba. Kisha nauli ya kwenda mashambani, ambayo mwezi wa Disemba hupanda. Hapa mtagundua jambo ambalo wengi hulisahau. Ikiwa tarehe 23 mnafunga mlango na kwenda kwa wazazi mpaka mwaka mpya, mapazia hayo ya sikukuu yatampambia nani? Mende? Afadhali fedha hizo ziongeze sukari na unga kwa nyanya.

Mkiona kwamba mtakuwa nyumbani na uwezo upo, pimeni. Baba ashike futi ya kupimia. Kazi hii si ya mama peke yake. Tuseme dirisha lina upana wa mita 1.5. Fimbo ya pazia ipite dirisha sentimita 20 kila upande, ili mchana pazia likivutwa lisizibe mwanga. Hiyo ni mita 1.9. Ili pazia lijikunje vizuri, kitambaa kiwe mara mbili ya urefu wa fimbo, yaani kama mita 4 pamoja na pindo. Ikiwa mita moja ni shilingi 500, hiyo ni shilingi 2,000, na bado hamjamlipa fundi, hamjanunua pete wala pazia jepesi la ndani. Mama akitaja 2,000 nyumbani, na baadaye zikatoka 3,500, baba ataona amedanganywa hata kama hakuna aliyedanganya. Tajeni jumla yote tangu mwanzo. Na ule mtindo wa kumwambia mume bei ya nusu, nusu nyingine ikatoka kwenye chama, tuuache. Vivyo hivyo mume anayeficha mshahara wake asishangae mkewe akificha risiti.

Juu ya rangi, sebule ndogo haipendi wekundu mzito kutoka juu hadi chini. Chumba huwa kama kimejaa, na mchana mtawasha taa. Maua makubwa nayo huifanya iwe finyu zaidi. Chagueni kitambaa chepesi cha rangi ya maziwa au nyeupe, na wekundu au dhahabu iwe kwenye utepe wa kufungia au ukanda wa pindoni. Fimbo ikipigwa juu karibu na dari, chumba huonekana kirefu. Kitambaa cha pamba hunywea kikifuliwa, kwa hiyo kifueni kabla ya kupeleka kwa fundi. Katika liturujia, Majilio ni zambarau, Jumapili ya tatu huruhusu waridi, na Noeli ni nyeupe. Nyekundu ya Disemba ni ya Mtakatifu Stefano tarehe 26 na ya Watoto Mashahidi tarehe 28. Sisemi kwamba nyumba ifuate kalenda ya sakristia, lakini pazia jeupe lina faida hii: Januari halionekani limepitwa na wakati, na Pasaka linatumika tena.

Mishumaa ya Majilio isikae karibu na dirisha. Upepo mdogo hulitupa pazia kwenye moto.

Hayati Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alisisitiza maneno matatu ndani ya familia: tafadhali, asante, na samahani. Kwenye mapazia yote matatu yana kazi. "Baba watoto, tafadhali tuangalie hesabu hii" huenda mbali kuliko kulia. Naye mume aliyeona nyumba imependeza aseme asante siku ile ile, mbele ya watoto. Waume wengi tunaosali nao jumuiya huisifu nyumba ya jirani, yao hawaioni.

Na mkihesabu mkaona mwaka huu haiwezekani? Basi lisemwe na wote wawili, asiwepo mmoja anayekataza na mwingine anayenung'unika. Teremsheni mapazia ya zamani Jumamosi moja, myafue, myaanike kivulini yasizidi kufifia. Mama au binti ashone pindoni ukanda mweupe uliobaki kwa fundi. Mafundi wengi huuza vipande hivyo kwa bei ndogo. Fanyeni hivyo kabla ya noveni ya Noeli kuanza tarehe 16, maana baada ya hapo fundi hana nafasi hata ya kukusalimu. Wakati wa kuyatundika, baba apande kwenye kiti, na mama ashike kiti.